Mtama Mwekundu wa Haboba

Nililelewa karibu na Nanyuki, mwendo mfupi kutoka kwenye kibao kinachoonyesha mahali Ikweta inapopita. Watalii walishuka garini pale, wakaweka mguu mmoja huku na mwingine kule, wakacheka na kupigana picha. Sisi watoto wa wakimbizi tuliwaangalia tu. Kwetu ule mstari ulikuwa mvua. Mwezi wa tatu zilikuja za masika, mwezi wa kumi zikaja za vuli, na mama, aliyekuwa na kijishamba cha kukodi, alivuna maharagwe mara mbili kwa mwaka. Hata jua lilichomoza na kuzama kwa saa zile zile, mwaka nenda mwaka rudi. Nilikua nikiamini kwamba dunia yote ina adabu namna hiyo.

Mama alipofariki nilihamia Juba kwa mama yake. Kila mtu alimwita Haboba, ndivyo Kiarabu cha Juba kinavyomwita nyanya. Alikuwa na kiwanja upande wa Bilpam: nyumba ya bati, jiko la nyasi, mwarobaini mmoja, na shamba dogo nyuma. Nilipata kazi ya kufundisha jiografia. Yeye hakuwa amesoma hata darasa moja. Nalitaja hilo kwa sababu lilinitia kiburi, na kiburi ndicho kilichoniponza.

Jikoni mwake, juu ya mafiga, kilining'inia kibuyu cheusi kwa moshi. Ndani mlikuwa na mbegu za mtama mwekundu zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe. Mama yake alizibeba kwenye pindo la nguo walipokimbilia Uganda, Haboba akiwa msichana, na wakarudi nazo. Vita vilivyofuata havikumtoa tena Juba. Majirani watatu, wanawake waliorudi kutoka kambini mikono mitupu, walipanda mtama huo huo, lakini hawakuweka mbegu majumbani mwao. Njaa ikibisha hodi, walisema, mtu hupika hata mbegu. Kwa hiyo kila mwezi wa nane, baada ya mavuno, walimletea Haboba masuke yao mazuri kuliko yote, na mvua za mwezi wa nne zikianza walikuja na mabakuli kugawiwa. Walimwachia yeye kwa sababu Haboba alishawahi kulala njaa siku tatu chini ya kile kibuyu na hakukigusa.

Mwaka wangu wa kwanza Juba, mwezi wa kumi, alishikwa na homa ya mapafu. Tulimpeleka hospitali kwa boda boda, mimi nimeketi nyuma yake nimemkumbatia asianguke. Alilazwa wiki mbili. Wiki hizo mvua ilinyesha karibu kila alasiri, nzito, ikauacha udongo laini kabisa. Nilisimama nyuma ya nyumba nikaunusa, nikasema: hizi hapa za vuli. Nikamwonea huruma bibi wa watu kwa kuvuna mara moja tu miaka yote hiyo.

Nikashusha kibuyu. Nilikusudia kupanda nusu. Lakini shamba lilikuwa limelowa vizuri, nami nilishajiona mwezi wa kwanza nikijaza vibuyu viwili badala ya kimoja. Nikapanda zote. Nilitaka arudi akute kijani. Nilimpenda sana, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kumpa kutokana na nilichokijua.

Nilichokijua! Muhula ule ule nilikuwa nimewachorea wanafunzi ubaoni. Jua la utosini ndilo linalovuta mvua. Kwenye Ikweta hupita mara mbili kwa mwaka, na kati ya safari hizo kuna miezi mingi, ndiyo maana misimu ya mvua ni miwili. Ukielekea kaskazini, safari hizo husogeleana mpaka mvua zinaungana kuwa msimu mmoja mrefu, na baada yake kiangazi kisicho na huruma. Juba iko digrii tano hivi kaskazini. Nilichora, nikafuta, nikaenda nyumbani kupanda kana kwamba niko Nanyuki.

Mbegu ziliota haraka. Haboba aliporudi, majani yalifika kwenye vifundo vya miguu. Alisimama kwa fimbo yake akayatazama.

"Nani napanda hii?" aliuliza. Kiswahili chake alikiokota Uganda, na hakuwahi kujali nilivyokikunjia uso.

"Mimi, Haboba."

"Mbegu iko ya wapi?"

Nilifungua kinywa niseme kweli. Uso wake ulikuwa umekonda mno. "Ya soko," nikasema. "Nilinunua Konyo Konyo."

Alicheka mpaka akakohoa. "Malesh, biniya. Pole, binti. Hapa si Kenya. Hapa mvua iko moja tu. Hii nakufa yote. Acha mbuzi nakula."

Kesho yake nilikwenda Konyo Konyo kweli. Nilinunua mtama mwekundu, nikauchanganya na majivu, nikajaza kibuyu, nikakirudisha juu ya mafiga.

Mvua ya mwisho ilinyesha mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo ulikuja upepo mkavu kutoka kaskazini, na ardhi ikapasuka. Alfajiri, kabla hajaamka, nilimwagia mashina maji ya kuoshea vyombo. Siku nyingine nilimwagia maji ya kunywa. Haboba alinikuta mara moja akawaita majirani waje waone: mwalimu wa mvua hajui mvua! Walicheka, nami nikacheka nao, huku nikihesabu yaliyobaki mabichi. Yalijikunja moja baada ya jingine. Mwezi wa kwanza mbuzi waliingia wakamaliza, na hapakuwa na suke hata moja.

Mwezi wa tatu joto lilizidi mpaka shule zikafungwa. Kutwa nilikaa na Haboba chini ya mwarobaini nikimlowanishia kitambaa cha kichwa. Muda wa kumwambia ulikuwepo, siku baada ya siku. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Nilijua msemo huo, na bado nikaficha.

Mvua za mwezi wa nne zikaja. Asubuhi iliyofuata majirani walikuja na mabakuli yao, wamefurahi, wakaketi mkekani. Haboba akaniagiza kibuyu. Alimimina kidogo kiganjani, akapuliza majivu, akaweka punje moja kati ya meno yake machache yaliyobaki. Akaing'ata. Aliitoa akaitazama. Kisha akanitazama mimi.

 

"Panya nakula mbegu yetu," aliwaambia. "Kalas, imekwisha. Hii mwalimu naleta ya soko. Chukua, panda."

Mmoja wao alijifunika uso kwa leso akalia. Haboba akawagawia kwa kiganja, kila mmoja sawa na mwenzake, akawaombea mvua njema kama kawaida yake. Walipoondoka nilipiga magoti mbele yake. Hakunigusa.

"Kwa nini wewe hapana uliza mimi?" alisema polepole. "Mimi ilikuwa hospitali. Mimi hapana kufa."

 Akachukua jembe lake kwa sababu ardhi ilikuwa imelowa, akaenda nyuma ya nyumba, akachimba. Nilimfuata nikidondosha mbegu za soko mashimoni. Mstari mzima hakugeuka nyuma.

Alifariki mwezi wa saba, masuke yakiwa bado machanga. Tangu hapo nimezunguka kwa wauza nafaka wa masoko ya Konyo Konyo na Custom nikiwa na punje tatu nilizozikuta zimenasa kwenye ufa wa sakafu ya jiko, tayari zimetobolewa. Wauzaji huzitazama, wakatikisa kichwa.

Majirani hawakuacha kuja. Jioni hukaa jikoni kwangu wakimkumbuka, na hawakosi kuwalaani wale panya, kila mmoja kwa laana yake. Nami huwamiminia chai na kusema amina.