Jongoo Bahari wa Ukoo Mmoja

Roselyne Nyakerario aliona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na saba. Leo ndiye mtu pekee Ikonge nzima anayeweza kukuambia kama jongoo bahari wawili ni ndugu au ni majirani tu. Ujuzi huu haujawahi kumpatia hata kikombe cha chai ya bure pale sokoni.

Mtu wa Ikonge akikuuliza unafanya kazi gani, anaelewa majibu matatu: mwalimu, nesi, na "niko Nairobi." Nyakerario si hata moja. Mama yake, Persis, alichoka kueleza watu, akaamua kusema tu "anafanya lab." Sasa kila Nyakerario akija likizo kuna jirani anampigia hodi na mkojo kwa chupa ya soda.

"Nipimie tu typhoid, mwanangu. Hospitali laini ni ndefu."

"Mama, mimi hupima wanyama wa bahari."

"Sawa, lakini si mkojo ni mkojo?"

Alisoma zoolojia chuo kikuu, akapita vizuri, halafu akakaa miaka minne akifundisha shule moja ya Magwagwa kwa mshahara wa ahadi. Mwalimu mkuu alikuwa anaahidi vizuri sana, kwa hilo lazima asifiwe. Kisha siku moja watu wa mradi fulani wakaleta semina ya uchumi wa bahari hapo Nyamira, kaunti ambayo maji ya chumvi yanapatikana kwenye sufuria peke yake. Nyakerario alienda kwa sababu alisomea hiyo kitu. Angwenyi alienda kwa sababu kulikuwa na lunch.

Angwenyi ni binamu ya Persis, kwa hivyo Nyakerario humwita mjomba. Ana duka kubwa la hardware Ogembo: mabati, simiti, misumari, kila kitu. Siku hiyo alisinzia hadi pale mtoa mada alipotaja bei ya jongoo bahari aliyekaushwa. Hapo akaamka, na hajalala tangu hapo. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amejenga matangi huko Pwani ya kusini ya kuzalisha vitoto vya jongoo, na kwa sababu mtu wa zoolojia alikuwa tayari kwa familia, akamwajiri mpwa wake. Ni kazi ya kweli, na mshahara wake unaingia. Ndio unamsomesha Ronny, mdogo wake.

Sasa ujue shida ilitoka wapi. Mwaka huu Nyakerario aliweka wazazi thelathini na wanane kwenye tangi. Ukipandisha joto la maji kidogo, jongoo wanasimama wima kama watu wanaoimba wimbo wa taifa, wanaachilia mbegu na mayai majini. Siku hiyo walisimama watano tu. Wengine walilala kama wabunge. Lakini mama mmoja wa jongoo anaweza kutoa mayai zaidi ya milioni, kwa hivyo hao watano wakaleta watoto elfu themanini. Nyakerario akakata vipande vidogo vya ngozi, akavipeleka vikapimwe vinasaba, na majibu yakarudi: karibu wote ni watoto wa mama mmoja.

Na mjomba alitaka wote wamwagwe baharini. Kwenye ghuba moja ambako jongoo wa asili wamebaki wachache wa kuhesabika, kulikuwa na mpango wa hema, tisheti, mgeni wa heshima, na Angwenyi akimwaga ndoo huku kamera zinapiga. Ofisi ya vibali ilitaka sahihi ya mtaalamu kwamba watoto hao ni wa damu mchanganyiko. Mtaalamu alikuwa Nyakerario. Alikataa.

"Weka sahihi Jumatatu saa nne," mjomba alimwambia kwa simu, "ama Jumatatu saa tano utafute kazi."

Nyakerario alipanda gari usiku huohuo kurudi nyumbani, akafikiri Ikonge atapata angalau wikendi ya kupumua. Mjomba naye alikuwa na akili. Aliweka mafuta kwenye Prado, akapiga simu kwa Persis, akajialika chakula cha Sabato.

Jumamosi baada ya kanisa wakawa watano sebuleni: Nyakerario, Persis, baba yake Mzee Ochoki, mjomba Angwenyi, na Mzee Jethro, kiongozi wa kanisa, ambaye huwa anapita tu kusalimia kila mahali kuku amechinjwa. Chakula kilikuwa kimepikwa Ijumaa kama sheria inavyotaka: ugali wa wimbi, kuku, na chinsaga, ile mboga chungu ambayo mgeni akimaliza sahani anaheshimiwa.

"Hawa wanyama wako wa bahari, Angwenyi," Jethro aliuliza huku akivunja mfupa, "wana mapezi?"

"Hapana."

"Magamba?"

"Hapana, mzee. Ni laini. Kama... kama soseji."

"Basi ni najisi."

"Sisi hatuli! Tunauza tu, nje ya nchi."

"Aah," Jethro akasema, na dini ikaendelea vizuri.

Lakini mjomba alikuwa na shida. Nyumba ya Mzee Ochoki, kazi haizungumzwi Sabato. Hata bonasi ya majani chai ikitangazwa Jumamosi, mzee haulizi ni ngapi mpaka jua lizame. Na Angwenyi mwenyewe alikuwa anatafuta uzee wa kanisa kule kwao Ogembo, kwa hivyo hangeweza kuanza mambo ya vibali mbele ya Jethro. Alihema, akajikuna shingo, akatazama saa. Kisha akapata njia ambayo wafanyabiashara waliookoka wameitumia tangu zamani.

"Shemeji," alimwambia Ochoki, "chakula kimekuwa kizuri. Wacha tuombe. Nitaanza."

Wakasimama. Wakafumba macho.

"Baba yetu uliye mbinguni," Angwenyi alianza, sauti imetulia kama ya redio. "Tunakushukuru kwa kuku, kwa chinsaga, na kwa nyumba hii. Bwana, wewe unajua kuna karatasi. Unajua Jumatatu saa nne ofisi inaingoja. Ukurasa wa saba, Bwana, chini upande wa kulia, palipoachwa wazi."

"Ee Bwana," Jethro akasindikiza, bila kujua anasindikiza nini.

"Mguse binti yetu Nyakerario. Mguse mkono, hasa huo wa kulia. Ondoa ndani yake roho ya kiburi, ondoa roho ya kusoma kupita kiasi. Mkumbushe ni nani aliyemtoa kwenye chaki ya Magwagwa. Mkumbushe Ronny, Bwana, na karo ya Ronny—"

"Amina!" Persis akaruka. Karo ilimgusa mahali.

"—kwa maana wapo wengi, Bwana, wenye shahada kama yake, na wako tayari kuanza Jumanne. Amina."

"Amina," wote wakasema. Nyakerario alisema pia, meno yamekazana. Alihisi macho ya mama yake yanamchoma ingawa yalikuwa yamefumbwa.

Hapo ndipo mjomba alikosea. Alisahau kwamba kwa nyumba hiyo maombi yanazunguka. Hakuna mtu anaomba peke yake halafu watu wakae. Na mtu akiomba hakatizwi hata kama moto umeshika paa.

"Nyakerario," Mzee Ochoki akasema, "endelea."

Kwa wiki mbili alikuwa amejaribu kumweleza mjomba kwa simu, kwa barua pepe, kwa michoro ya rangi. Kila mara alikatizwa. Sasa alikuwa na watu wanne mbele yake, macho yamefumbwa, vinywa vimefungwa.

"Bwana," alisema, "asante kwa kuumba jongoo bahari. Wewe ndiye unajua kwa nini ulimuumba hivyo. Kazi yake ni kula mchanga mchafu na kuutoa msafi, na hajawahi kudai posho."

Mjomba alikohoa.

"Na Bwana, hukuumba mmoja ukamnakili. Uliwaumba tofauti tofauti. Huyu anavumilia joto, yule anavumilia ugonjwa, mwingine maji yakipungua chumvi yeye haoni shida. Kukija mwaka mbaya wengine wanakufa, wengine wanabaki. Lakini unajua yaliyotokea kwenye tangi letu. Wazazi thelathini na wanane waliingia, watano ndio walizaa, na karibu watoto wote ni wa mama mmoja. Elfu themanini, Bwana. Ni ndugu na dada."

Pale konani, jicho moja la Mzee Ochoki likafunguka.

"Na kuna mpango wa kuwamwaga mahali ambapo wale wa asili ni wachache, wafunikwe kabisa. Sasa hao watoto wakikomaa watazaa na nani? Watazaa ndugu na dada. Na watoto wao vivyo hivyo. Halafu uje ugonjwa mmoja tu ambao yule mama hakuuweza, ghuba nzima ibaki mchanga mtupu. Bwana, nisamehe, siwezi kuandika kwamba hawa ni damu mchanganyiko. Nikifutwa, nifutwe. Amina."

Hakuna aliyesema amina.

Lazima umjue Mzee Ochoki kidogo. Ni mtu wa majani chai, mashamba mawili madogo na ng'ombe mmoja wa gredi anayeitwa Malaika. Lakini ukoo wao wote, kijana akileta mchumba, Ochoki ndiye anatumwa kuuliza: huyu ni wa nani, mama yake alizaliwa wapi, nyanya yake aliolewa kutoka mlima gani. Ameshavunja uchumba mara nne, mmoja ukiwa na keki tayari imelipiwa. Kwake chinsoni, yaani ile haya inayowekwa kati ya watu wa damu moja, haijadiliwi. Kwa Malaika pia ana kitabu ameandika namba ya kila fahali ambaye mbegu yake imetumika. Pale Ikonge ukisema A.I. hakuna anayefikiria kompyuta. Ni yule daktari wa kupandisha ng'ombe na pikipiki yake.

Mzee akaomba.

"Bwana, mimi bahari sijui. Lakini ndugu na dada najua."

"Ee," Jethro akasema, na safari hii alimaanisha.

"Hata Malaika, wewe unakumbuka. Yule daktari alipokuja na mbegu ya fahali ambaye ni baba yake Malaika, nilimfukuza hadi barabarani, na helmeti yake nikamrushia nyuma. Sasa nasikia hapa kuna harusi ya elfu themanini, wote wa tumbo moja, na shemeji yangu ndiye anakodisha hema. Bwana, shemeji ni mtu mzuri. Anataka kuwa mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa anaweza kufungisha ndoa kama hiyo?"

"Hapana, Bwana!" Jethro akalia.

"Basi mfunge mkono binti yangu asitie sahihi. Na umguse Angwenyi atafute wazazi wa koo nyingine kabla ya kumwaga hata mmoja. Wote tuseme—"

"AMINA!" Jethro akapasua.

"Amina," Persis akasema polepole.

Na Angwenyi, mtu ambaye tangu shule ya Sabato ya watoto hajawahi kunyamaza akisikia "wote tuseme", akasema amina. Ilitoka yenyewe. Alijisikia akiisema, akafungua macho kama mtu aliyejipigilia kidole na nyundo.

"Shemeji," alisema, "si umezungumza biashara Sabato?"

"Nilikuwa naomba. Kwani wewe ulikuwa unafanya nini?"

Baadaye, jua limezama, wakamsindikiza mjomba hadi kwenye gari. Mzee naye sasa moto ulikuwa umemwakia. "Tafuta wachumba mbali," alimwambia bintiye. "Lamu! Hata Tanzania!"

"Si mbali hivyo, Tata. Wa maji mengine wamezoea mambo mengine. Tuchukue wa hapohapo karibu, lakini wengi, wasio ndugu, na tuwabadilishe kila msimu."

"Karibu lakini si damu." Alifikiri. "Kumbe hata wao wako na mila."

Angwenyi angeweza kununua sahihi kwingine. Usiseme hangeweza, Kenya hii sahihi hazijawahi kuisha. Lakini Jethro ana mdomo, na ana dada ameolewa Ogembo. Jumapili asubuhi mjomba akifungua hardware, mteja wa kwanza, mama wa mabati, alimwangalia juu hadi chini.

"Angwenyi, ni kweli unaozesha ndugu na dada?"

"Ni jongoo!"

"Hata kama."

Kufika saa nne wateja sita walikuwa wameuliza. Mchungaji alikuwa amepiga simu, kwa upole, akisema jina lake kwenye orodha ya wazee wa kanisa lingengoja kidogo. Saa tano Angwenyi alimpigia Nyakerario.

"Sawa, umeshinda. Na hawa elfu themanini niwafanye nini? Niwazike?"

"Wafugwe ndani ya uzio, mjomba. Wavunwe mapema, kabla hawajaanza kuzaa."

"Wadogo hivyo? Bei itakuwa chini."

"Itakuwa chini."

Nyakerario alisikia kikokotoo cha duka kikibonyezwa.

"Panda gari leo," mjomba akasema. "Na uache kuniombea."

Miezi minne baadaye hema lilijengwa tu, kwa sababu Angwenyi alikuwa ameshalipa. Kwa vile hakukuwa na kitu cha kumwaga, walizindua uzio. Mgeni wa heshima alikata utepe wa wavu. Angwenyi akachukua kipaza sauti akaeleza umati kwamba yeye binafsi, tangu utotoni huko Ogembo, amekuwa akipigania uanuwai wa vinasaba. Alilitamka hilo neno mara sita, na mara ya sita akalipata.

Nyakerario hakuwa hapo. Alikuwa nyuma kwenye matangi, suruali imekunjwa hadi magotini, na wazazi wapya tisini na mmoja aliowakusanya mmoja mmoja maji yakikupwa. Alikuwa amepandisha joto nyuzi tatu. Ishirini na sita walikuwa wamesimama, na wa ishirini na saba alikuwa anaanza kuinua kichwa.