Nilimficha Jirani Fao Lake ili Aniuzie Mashine

Kosa ni langu, sitafuti wa kugawana naye.

Jirani yangu, nimwite Masanja, alitoka Usukumani akaja kijijini kwetu Genkuru kuchomelea vyuma kwa mkandarasi wa mgodi wa dhahabu. Kazi ilipopungua, waliondolewa wengi siku moja. Sisi wa hapa ukipunguzwa unarudi shambani kwa baba, kule Gorong'a, unalalamika ukiwa umeshiba. Masanja alikuwa na chumba cha kupanga, mke, watoto wawili na mashine yake ya kuchomelea, aliyoiweka ili siku moja afungue karakana.

Mashine hiyo niliitaka. Mimi nanunua vitu kwa waliobanwa, naenda kuviuza mpakani Sirari. Nahesabu kila kitu mara mbili, na nilishahesabu unga wake ungeisha lini.

Siku niliyokwenda kubembeleza bei, akaniuliza, "Kaka, wewe unazijua ofisi. Nasikia aliyepunguzwa kazi analipwa fao na mfuko wa hifadhi ya jamii kwa miezi kadhaa. Ni kweli?"

Nilijua ni kweli. Shemeji yangu alilipwa, familia ikala, yeye akatafuta kazi nyingine bila presha. Fomu nilimjazia mimi!

Nikamjibu, "Hilo fao utalisubiri mpaka meno yang'oke. Nakupa laki mbili sasa hivi."

Akacheka. Akachukua.

Hela ilipoisha, na mashine hana, akaingia kwenye mashimo ya zamani kutafuta mawe ya dhahabu. Jiwe likamwangukia mkono wa kulia. Vidole vitatu vikakatwa.

Nilipokwenda kumpa pole, jamani, alinishukuru. Eti hela yangu iliwalisha mwezi mzima. Chai ya mke wake niliiacha mezani, nikaaga.

Wiki iliyofuata mimi mwenyewe nilimpeleka ofisi ya mfuko. Nauli nililipa bila kuomba kupunguziwa. Dada wa dirishani akamuuliza mbona amechelewa hivyo.

"Niliuliza mapema," Masanja akasema. "Nikaambiwa nisijisumbue."

Hakuniangalia. Bahasha ya karatasi zake za kazi nilikuwa nimeishika mimi.

Fomu zimepokelewa, tunasubiri. Fao likitoka litanunua unga, lakini kuchomelea ndiyo basi.

Wewe unayesoma, mtu aliyepoteza kazi akikuuliza haki yake inapatikana wapi, mwelekeze kwanza. Bei ya vitu vyake uliza baadaye, au usiulize kabisa. Mimi kwenye ile mashine nilipata faida ya elfu themanini. Nimeigawa kwa vidole vitatu, mara mbili. Haigawanyiki.