Nusu ya Boneti

Kilichoniuma kwanza ni ndoo za dada mmoja aliyekuja kuosha magari kwetu. Alikuwa nazo mbili, zote kwa gari moja. Sisi tuliokuwa tukiosha magari kando ya barabara ya Urambo, mjini Tabora, kila mtu alikuwa na ndoo yake moja, maana maji ya huku mwezi wa kumi hayachezewi. Yeye alitia sabuni kwenye ndoo moja, na ya pili akaijaza maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hajakirudisha kwenye sabuni. Nilicheka kwa sauti ili asikie. Alipomaliza nikaenda kuichungulia ile ndoo ya pili. Chini yake mchanga mwekundu ulikuwa umetulia kama unga wa ulezi. Nikaelewa kwamba mchanga kama ule, mimi kwa miaka mitatu nilikuwa nikiusugulia juu ya magari ya watu. Sikumwambia mtu.

Miaka mitatu kwangu ni mingi. Shule niliiachia darasa la sita, kijijini Lusu, si kwa ujinga. Kulikuwa na lori linalopita, na lilikuwa linakwenda mahali nisipopajua. Nimepakia marobota ya tumbaku Urambo. Nimekaa Usinge na warina asali mpaka nikajua namna ya kupanda mti usiku na mwenge wa moshi mkononi. Kila mahali nilikaa hadi nilipoona nimeshaelewa kazi inavyokwenda, kisha nikaondoka. Tabora nilikawia kwa sababu ya gari moja jeusi.

Lilikuwa la mzee mwenye duka la vitambaa, wa familia zenye asili ya Omani ambazo zimefanya biashara mjini humu tangu enzi za mababu zao. Ni gari dogo la zamani la aina ya saluni, alilolinunua angali kijana, na kwao ilikuwa desturi: kila binti wa ukoo ule siku ya harusi alitoka nyumbani akiwa ndani ya gari lile, hata kama bwana harusi ana gari jipya mara tatu. Mzee alilileta kila Alhamisi mchana ili Ijumaa liende msikitini likiwa safi. Alinikabidhi funguo mkononi, akaketi kwenye benchi na kikombe cha kahawa, akatazama upande mwingine. Wenye magari wengi husimama nyuma ya mgongo wako wakihesabu mara ulizopitisha kitambaa. Huyu hakuangalia. Katika kuzunguka kwangu kote hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa kitu chake akageukia pembeni.

Mwaka huu mjukuu wake alikuwa anaolewa. Nilianza kuwaambia watu kwamba gari la harusi ni langu mimi.

Ndipo akaja yule dada. Ni mtoto wa fundi cherehani wa hapa hapa mjini, aliyekuwa amekwenda Dar es Salaam akafanya kazi ya kusafisha magari kwa miaka kadhaa, akarudi na kreti la plastiki lililojaa chupa. Alivaa dera, juu yake aproni, kilemba amekifunga kwa nyuma. Alitusalimia vizuri, akachagua sehemu isiyo na mtu, akapanga chupa zake kwenye kivuli.

Vifaa vyangu mimi vilitosha kwenye mfuko wa rambo: sabuni ya unga, fulana kuukuu, mafuta ya taa ya kutolea lami, na mafuta ya breki yaliyotumika, ya kung'arishia tairi. Nilikuwa pia na nyanya mbichi. Hiyo nilijifunza Urambo, ambako wavunaji huitumia kuondoa utomvu wa tumbaku mikononi, na wenye pikapu za tumbaku walinisifia kwayo. Sabuni nilichagua kwa povu. Nilikuwa nikikoroga kidogo kwenye kikombe dukani, na iliyofura zaidi ndiyo niliyoinunua.

Siku ya pili nilimsikia akimweleza mteja kwamba sabuni ya unga imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, na kwenye gari inafanya kazi ile ile: inavua ule utando unaokinga rangi, gari linapauka. Hakunitaja. Hakuwa na haja ya kunitaja, kwa sababu pakiti ilikuwa imesimama mbele yangu.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Alipokwenda kuswali adhuhuri nilikuwa nachuchumaa mbele ya kreti lake nasoma. Kiingereza changu ni cha kwenye chupa na maboksi, lakini kwa chupa kinatosha. Niliijua ya kuoshea, ambayo kizibo kimoja kilitosha ndoo nzima. Niliijua ya rimu za magurudumu, ambayo haikutakiwa kukauka juani. Niliijua ya kutolea lami na gundi, ya vioo, ya dashibodi isiyoacha mng'ao wa mafuta, na kopo bapa la nta ya kung'arishia bodi, ambalo nililifungua nikalinusa. Vitambaa vyake vilikuwa vya rangi tatu, na cha bluu, cha tairi, hakikugusa bodi hata siku moja. Nilivihesabu. Nilijua kimoja kikifuliwa. Mwanamume mwingine angekuwa anamtazama dada mwenyewe. Mimi nilitazama vitambaa, na usiku nilivifikiria.

Alhamisi mzee alipofika, alisimama kwanza kwenye gari jeupe ambalo yule dada alikuwa amelimaliza. Alilipapasa kwa mgongo wa vidole, kama anavyopapasa kitambaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Hili kaosha nani?"

Nilitamani sana kusema sijui. Nikaonyesha kwa kidevu.

Mzee alifikiri. Kisha akasema kwamba maisha yake yote ameagiza vitambaa kwa njia moja: majora mawili yanalazwa pamoja, mchana kweupe, mwenye macho anaona. Alhamisi ijayo kila mmoja wetu atashughulikia nusu ya boneti kwa vifaa vyake mwenyewe. Ijumaa atalipeleka gari msikitini na kulirudisha, halafu atasema nani ataliandaa kwa ajili ya mjukuu wake.

"Sawa, mzee," dada akasema. "Ila tubandike utepe katikati, mtu asije akahamia kwa mwenzie."

Wote walicheka pale. Mzee pia alicheka, na alikuwa hajawahi kucheka na mimi.

Wiki ile nilikumbuka Usinge. Kama shindano ni la nta, nikajiambia, basi mimi nimeijua nta kabla haijaingia kwenye kopo. Nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza asali, nikachukua donge kubwa la nta ya njano. Aliniuliza ni ya nini, nikasema ya kazi. Akanishauri niichemshe tena kwa maji na kuichuja, kwa kuwa bado ina asali ndani. Nilimwitikia vizuri, na sikufanya hivyo. Haraka ilikuwepo, lakini sababu hasa ilikuwa ile harufu. Kopo la dada lilinukia kama wodi ya hospitali. Akilini nilimwona mzee akilikaribia gari lake na kupokewa na harufu ya msituni, na yule dada na chupa zake akisimama pembeni hana la kusema. Nikaiyeyusha nta kwenye jiko la mkaa, nikachanganya na mafuta ya taa hadi ikawa laini, nikaimimina kwenye kopo tupu la siagi.

Alhamisi tukafanya kazi bega kwa bega, utepe katikati. Yeye alipaka nyembamba, mpaka nikadhani anabania. Mimi nilipaka ya kutosha, nikasugua hadi mabega yakaniuma. Utepe ulipobanduliwa watu walisogea karibu. Nusu yake iling'aa. Nusu yangu ilikuwa nyeusi kama maji ya kisimani, ukijitazama unaona hadi kope. Nasema hivi si kwa kujisifu. Hata yeye aliona. Aliinama, akanusa.

"Kaka, hii ina nini?"

"Siri ya kazi."

Alitazama juu, kwenye jua, akanitazama na mimi. "Haya," akasema, akaenda kusuuza vitambaa vyake.

Sijawahi kufurahi kama siku ile, na furaha yenyewe ilikuwa ya ubaya. Sikuwa nikiifikiria sana nusu yangu. Nilifikiria ya kwake imeshindwa.

Ijumaa nilifuata gari hadi msikitini, nikakaa ng'ambo ya barabara. Mzee aliliegesha juani, kivuli chote kikiwa kimeshachukuliwa. Wakati hotuba inaendelea upepo ulipita na vumbi lake. Kwa mbali niliona nusu ya boneti inafifia, nusu yangu, mpaka ikawa na rangi ya barabara. Nta ilikuwa imelainika kwa joto na ilikuwa inashika kila punje. Kisha akaja nyuki mmoja. Baadaye wakaja kumi, na watu walipotoka kuswali nyuki walikuwa wametanda kuanzia taa ya kulia hadi mahali utepe ulipokuwa, wakaishia hapo hapo kama waliochorewa mstari. Upande wa dada hapakuwa na hata mmoja.

Watu walilizunguka gari kwa mbali. Mmoja akamwambia mzee auze asali, aache vitambaa. Mzee alikwenda nyumbani kwa miguu, na kanzu yake nyeupe, katika jua lile, na harusi ilikuwa Jumapili.

Nyuki walipoondoka, alasiri, gari lililetwa kwetu. Mzee alimpa yule dada funguo. Kwangu hakusema neno baya. Alikaa kwenye benchi, na safari hii alitazama.

Nilikuwa nimeshainua fulana yangu ili nisugue. Dada akanishika mkono. Alisema ule ni mchanga uliogandia kwenye nta, nikisugua hivyo rangi itachanika na hakuna chupa itakayoirudisha hadi Jumapili. Akauliza nilichanganya nini. Nilifikiria kumdanganya. Ningekaa kimya angechagua dawa isiyofaa, boneti ingeharibika mikononi mwake, na tungekuwa sawa. Wazo hilo lilikaa nami muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

"Nta mbichi," nikamwambia. "Na mafuta ya taa. Sikuichuja."

"Mafuta ya taa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akasogeza kreti.

"Haya, chagua wewe. Unazijua."

Nikajifanya sielewi. Akasema kila akirudi kuswali anakuta vizibo vimefungwa kwa nguvu kuliko alivyovifunga, na hajawahi kuona mwizi asiyeiba. Uso ulinichoma. Nikaichukua ile ya kutolea lami na gundi, na kitambaa cha kijivu, si cha bluu. Hakunisifu. Alimwaga maji mengi kwanza, polepole, bila kugusa, mchanga ukaanza kushuka. Kisha akapuliza dawa, tukasubiri, akafuta kwa kuinua kitambaa badala ya kukiburuta. Mimi niligeuza vitambaa. Rangi ilinusurika, ila mkwaruzo mmoja mwembamba karibu na taa, na huo nadhani ni wa zamani, wa kwangu.

Mzee alisema bodi ni ya dada. Mimi akanipa tairi.

Jumapili niliposimama mbele ya nyumba ya mzee, gari lilitoka na bibi harusi ndani, na vumbi la mtaa mzima halikulipata. Lilipita jeusi na tulivu, watu wakijiona ndani yake. Yule dada hakuwepo, alikuwa na gari jingine la kumalizia. Mwanamume aliyesimama kando yangu, mwenye mabasi madogo mawili ya kwenda Nzega, akauliza kwa sauti nani kaling'arisha lile gari.

"Tairi ni mimi," nikasema.

Akataka kujua na kwingine. Nikamwambia ni dada mmoja, pale barabara ya Urambo. Akatoa simu, akaomba namba yake. Nilikuwa naijua kwa kichwa, imeandikwa ubavuni mwa kreti. Nikaanza kuitaja, na nilipofika katikati nikafikiria kukosea tarakimu moja tu, mtu yeyote hukosea. Nikaitaja yote, sawasawa. Alipoisoma tena ili ahakikishe, nikaitikia kwa kila tarakimu, na kila moja iliniuma.