Sukari ya Mpita Njia

Shule nzima walimwogopa Mwalimu, halafu mimi ndiye niliyelala naye nyumba moja. Wenzangu walinionea huruma bure. Walidhani hata nyumbani kwetu Kiriba anatembea na fimbo na kutukagua kucha kabla hatujanawa. Kumbe fimbo yake ya nyumbani ilikuwa ya kufukuzia kuku waliopanda juu ya udaga wa mihogo ulioanikwa, na kuku wenyewe walishamzoea.

Alifundisha sayansi, na alichukia uongo kuliko kitu chochote. Ukichelewa, anakuchapa. Ukivunja kioo, anakuchapa. Lakini danganya uone! Alikuwa na maneno yake ambayo mpaka leo nikikutana na mtu niliyesoma naye, iwe sokoni Musoma au msibani, lazima mmoja wetu ayaseme: "Sema kweli nikuchape kidogo." Aliyasema polepole, ameinama mpaka uso wake unalingana na wako, na wewe mwenyewe unajikuta umesema hata ya juzi ambayo hakukuuliza. Maneno hayo hayakuwa yake. Aliyarithi kwa baba yake, mfugaji wa upande wa Butiama, aliyekuwa anamuuliza hivyo kila ndama akipotea malishoni.

Nje ya darasa alikuwa mtu mwingine kabisa. Jumamosi alizipaka raba zake nyeupe unga wa chaki akaziweka juu ya jiwe zikauke, ili Jumapili apande baiskeli kwenda kanisani miguu inang'aa. Kwenye kwaya aliimba besi pamoja na wanaume, na hakuna aliyethubutu kumwambia ahamie kwa wanawake wenzake. Betri za redio alizianika juani kando ya dagaa, zipate nguvu za kumaliza mpira. Timu yake ikifungwa, siku hiyo hasemi na mtu. Ila kuliko vyote hivyo alipenda chai. Chai ya maziwa, nzito, kwenye kikombe kikubwa cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, na sukari ambayo mama yangu alisema ingetosha harusi. Akishapiga funda la kwanza alifumba macho na kusema, "Haya, sasa niiteni binadamu."

Nimemtaja mama yangu. Hebu nieleze, maana wageni wakisikia mambo yetu ya Mara wanatoa macho. Mwalimu ndiye aliyemwoa mama yangu. Usishtuke. Kwetu mwanamke asiyejaliwa mtoto, akiwa na ng'ombe wake, anaruhusiwa kuoa mwanamke mwenzake ili apate watoto wa boma lake. Wanaita nyumba ntobhu. Mwalimu alipeleka ng'ombe kwao mama, kwa wakulima wa pamba wa Bunda, na mama akaletwa kama mke yeyote anavyoletwa. Nikazaliwa mimi. Nikawa mtoto wa Mwalimu, na nikamwita Mama Mkubwa.

Na yule aliyenizaa? Huyo ni mpita njia. Hana jina ndani ya nyumba na hana haki juu ya mtoto. Lakini kuna sharti moja ambalo halichezewi: mpita njia hatoi kitu, na nyumba haipokei kitu kutoka kwake, hata chumvi. Siku nyumba ikipokea, yeye amekuwa mlezi, na mlezi anaweza kusimama mbele ya wazee akadai mtoto wake. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.

Nilikuwa darasa la saba alipoanza kuonekana. Miaka ile duka la ushirika lilikuwa na kaunta na vumbi. Tulifua kwa majani ya mpapai. Sukari ilipitia kwa balozi wa nyumba kumi, na ukiipata ujue una msiba. Waliokuwa nayo ni watu wa magendo, waliovuka mpaka na kurudi kwa njia za panya, na yeye alikuwa mmoja wao. Mimi sikumjua. Niliona tu mwanaume mrefu mwenye kofia, ameegemea baiskeli juu ya mawe, akinitazama ninavyochota maji ziwani. Aliniuliza niko darasa la ngapi. Nikamjibu. Akageukia upande wa mama, aliyekuwa anaosha furu, akasema, "Amekua."

Mama aliacha samaki palepale, kunguru wakajilia. Alinivuta mkono mpaka nyumbani, na huko ndiko aliponiambia yule ni nani.

Baada ya hapo alikuwa anapita. Basi. Anapita tu. Hapigi kengele, hasalimii. Unasikia tiki-tiki-tiki ya baiskeli inayoserereka bila kukanyagwa, halafu kimya, ujue amesimama mahali anatazama boma. Mbwa wetu aliyekuwa anabwekea hata mchungaji hakumbwekea yule, na jambo hilo lilimtisha mama kuliko yote. Kisha habari zikaja kutoka Bunda kwa mjomba: kuna mzee mwenye ng'ombe wengi anatafuta mke mdogo, na yule mtu ameshamwahidi binti. Ameshapewa na ndama kabisa. Binti mwenyewe ni mimi. Niliacha kula. Nilikuwa nataka kwenda sekondari, jamani, nilikuwa nataka kuvaa sketi ya bluu na kukaa bweni, na kumbe kuna watu wananigawa huko kama nyama ya mnada.

Mama Mkubwa alicheka. "Aje kwa wazee. Atashika nini mkononi? Hajatoa hata chumvi huyo. Wewe soma."

Nikasoma.

Halafu malaria ikamshika. Ilimshika vibaya, ikamlaza wiki na wiki, na dawa za zahanati zilikuwa za kubahatisha. Homa ilipotoka ilimwacha mifupa. Uji hautaki, samaki hataki. Alikuwa anakaa mlangoni amejifunika khanga ya mama, anatazama kikombe chake kilivyoning'inia msumarini. Mara moja nilimsikia anasema peke yake, "Ningepata chai." Mtu mzima yule, mwalimu wa watu, sauti kama ya mtoto.

Ndipo nikasikia tiki-tiki-tiki, safari hii mpaka mlangoni. Mama alikuwa ziwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nimesikia unaumwa. Nimeona nipite."

Akafungua kifurushi cha kaki, kidogo tu, aone. Sukari nyeupe. Sijui kama mnaelewa nyeupe ya sukari miaka ile. Nilimtazama Mama Mkubwa nikingoja amfukuze. Nilikuwa na hakika atamfukuza. Akatazama kikombe chake pale msumarini.

"Weka hapo," alisema.

"Hapa nje, au ndani?"

Mshenzi yule! Alijua anachofanya. Alitaka alisikie neno lenyewe likitoka kinywani mwa Mama Mkubwa.

"Ndani," akasema Mama Mkubwa.

Akavua kofia, akavuka kizingiti chetu, akaweka mezani, akatoka. Wala hakutabasamu. Baiskeli ikaondoka na ule mlio wake.

"Washa moto," Mama Mkubwa akaniambia.

"Mama Mkubwa, si ulisema hata chumvi…"

"Washa moto, nimesema!"

Alikunywa chai ile machozi yanamtoka, anapangusa na anaendelea kunywa. Hakusema tumwite binadamu. Mama aliporudi alikiona kifurushi, akakaa chini kwenye udongo miguu imenyooshwa, kama mtu aliyeletewa habari ya kifo. "Mwalimu," alisema, bila kupaza sauti, "umemtoa mtoto." Kisha akainuka, akabeba sukari yote iliyobaki, akaenda kuimwaga ziwani. Haikusaidia kitu. Ilishanywewa.

Wito ulikuja kabla Mama Mkubwa hajapona vizuri. Wazee wa ukoo walikaa kwenye boma la marehemu baba yake, karibu na Butiama, na sisi tukaenda kwa lori la pamba, tumekaa juu ya marobota. Mwalimu alikuwa amezipaka raba zake chaki. Mama aliomba Mungu kwa kunong'ona, na mimi nilijiona nimeshapakiwa kwenye keria ya baiskeli naelekea kwa yule mzee wa Bunda. Sababu nilijua atakachojibu Mama Mkubwa. Huyu mtu hakuwahi kudanganya. Ningekuwa na mama mwongo kama wa watu wengine, ningekuwa na matumaini.

Mpita njia alizungumza kwa adabu. Alisema alipeleka sukari katika nyumba ile, ikapokelewa kwa mdomo, ikaingizwa ndani, ikanywewa. Alisema anadai damu yake tu.

Mzee aliyekuwa katikati alisikiliza mpaka mwisho. "Huyu binti yetu hasemagi uongo," akasema. "Toka anachunga hapa, hajawahi. Kwa nini tuite mashahidi? Aapishwe yeye, asemacho ndicho."

Wakachota udongo juu ya kaburi la baba yake, wakautia kwenye kibuyu cha maji, wakakoroga kwa kijiti. Huo ndio utaratibu. Ukinywa udongo wa aliyekuzaa na mdomo wako una uongo, yeye mwenyewe atakufuata, kwa wakati wake, na kwa njia anayoitaka. Mama Mkubwa alikuwa anatufundisha darasani kwamba magonjwa yanaletwa na vijidudu. Lakini kibuyu alikipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Mwalimu, ulipokea sukari ya mtu huyu?"

Mama aliniminya vidole mpaka vikauma. Mama Mkubwa alitazama kaburi, halafu akanitazama mimi.

"Sikupokea."

"Kitu chochote?"

"Hata chumvi."

Akanywa. Hakunywa kidogo kama wanavyofanyaga watu. Alikigeuza kibuyu mpaka tope la mwisho likamwingia mdomoni, na nikasikia mchanga ukisagika kwenye meno yake.

Ikawa imekwisha. Mimi ni wa boma lake. Yule mwanaume alivaa kofia, akatembea mpaka pale alipokaa Mama Mkubwa, akainama mpaka nyuso zao zikalingana. "Haya, Mwalimu," alisema. "Baba yako amesikia." Akaondoka, na sikumwona tena maishani.

Juu ya lori mama aliimba njia nzima. Na mimi nilitaka kuimba, nilikuwa na furaha ya kupasuka, nasema ukweli. Lakini kila nikimtazama Mama Mkubwa namwona anapitisha ulimi kwenye meno, anapitisha tena, wala hatemi.

Toka hapo tuliishi kama watu waliobisha hodi wakawa wanasubiri hatua za miguu. Ng'ombe mkubwa akafa. Radi ikapiga jiko tukiwa kanisani. Mama alikuwa akinitazama, mimi namtazama, hatusemi. Mama Mkubwa ndiye aliyesema, tena kwa ukali: "Ng'ombe amekufa kwa ndigana, homa ya kupe. Radi ni umeme. Mnataka niwachoree ubaoni?" Lakini kwaya aliiacha. Na darasani, siku kijana mmoja alipovunja kioo akakana mchana kweupe, alimtazama tu. Tulingoja yale maneno. Darasa zima tuliyangoja. "Kaa chini," alimwambia, akarudi ubaoni. Sijawahi kuona darasa limeogopa hivyo.

Na sukari hakuigusa tena. Nilikwenda sekondari nikavaa ile sketi, nikaolewa na mtu niliyemtaka, ng'ombe wakaja bomani kwake. Ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa. Pale Mwisenge, Musoma, ninapoishi sukari ilipangwa barazani mifuko kwa mifuko, watoto wanatumwa wanairudisha nusu wakiwa wameilamba njiani. Mitumba, sabuni za kunukia, kila kitu. Yeye akija kunitembelea anasukuma bakuli pembeni na kunywa chai chungu, uso haukunjiki. Iliniudhi! Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Mama Mkubwa, unajitesa kwa ajili ya nani?" Akanijibu, "Kunywa chai yako, itapoa."

Alipougua mara ya mwisho nilimleta nyumbani kwangu. Mama alishatangulia mbele ya haki. Daktari alitaja figo. Ndugu zake waliokuja kutoka Butiama hawakutaja kitu, ila waliangalia mdomo wake kila alipokohoa. Alikuwa amepungua mpaka raba zake zilimvuka akisimama.

Jumapili moja, watoto wako kanisani, aliniambia niweke chai. Nikaweka kama kawaida yake. Akaonja, akanirudishia.

"Weka sukari."

Nilidhani homa. Nikaweka kijiko.

"Weka. Wewe unaniwekeaje kama duka la ushirika? Weka."

Nikaweka mpaka aliponizuia kwa mkono. Akanywa funda, akafumba macho. Nilisimama na kile kijiko nikingoja aseme tumwite binadamu.

"Ile ya baba yako ilikuwa tamu zaidi," alisema.

Neno hilo, baba yako, halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba yetu toka nizaliwe. Nilikaa chini pembeni ya kitanda nikalia, na yeye akaniacha nilie, akanywa mpaka ikabaki ile sukari ya chini isiyoyeyuka.

"Basi nimesema kweli," akasema. "Labda mzee wangu atanichapa kidogo."

Akaninyooshea kikombe nimwongezee.