Habari Isiyo na Tarehe

Fundi wa kompyuta huimba puani akifanya kazi, wimbo uleule usio na maneno, hata mpokezi ameuzoea kama feni. Ndiye aliyeandika programu inayovuta vichwa vya habari kutoka tovuti mbalimbali na kuvipanga kwenye skrini ya mapokezi. Leo skrini ilileta hiki: "Lori la mafuta lateketea darajani, dereva afariki." Mpokezi alinyakua simu. Mumewe alikuwa safarini na lori la mafuta, na simu yake ikaita mpaka ikakatika.

"Kaka, lori la nani hilo? Niambie!"

Wimbo ulikoma. Fundi hakumtazama. Vidole vyake vinene vilikimbia juu ya kibodi hadi akaifikia habari yenyewe kule ilikotoka. "Dada, hii ni ya mwaka juzi. Imekuja bila tarehe, programu yangu ikaipa ya leo. Kosa ni langu. Mpigie tena."

Safari hii ilipokelewa. "Mama watoto, nilikuwa chini ya lori nakaza nati. Mbona unanipigia kama polisi?"

Mpokezi alicheka huku machozi yakimtoka. Fundi aliinamia kibodi kuiagiza programu isionyeshe tena habari isiyo na tarehe. Aliimba puani kama kawaida, lakini kila herufi aliyogonga aliifuta na kuigonga upya.