Mfereji wa Mwea Ulivyotembewa Sydney

Niliondoka Mwea mwezi wa tatu, 2020, kwa sababu Bwana Tanabe alikuwa karibu kustaafu na barua pepe zetu hazijibiwi. Ni mwanadiplomasia wa Kijapani. Alianzia Moshi akiwa kijana, akahamia Kenya, akatupigania hadi mpunga wetu ukapata mfereji. Lakini mashamba ya chini bado makavu, na bila ripoti yake kwa wafadhili wa Japani hayatapata maji. Chama cha wakulima kikanituma mimi, katibu, nimfuate Sydney, kituo chake cha mwisho. Roho ilikuwa juu juu.

Ndani ya ndege, kwa hofu ya korona, aliyekohoa alitazamwa kama mwizi. Nilimeza kikohozi changu hadi machozi yakanitoka.

Huko St Marys, pembeni mwa Sydney, dada yangu Njeri, anayehudumia wakongwe kwenye makao ya wazee, alinisalimu kwa kiwiko.

"Nikipeleka hii kitu kazini nimeisha," alisema. "Na wewe, ni wiki gani hii ulichagua kusafiri? Flights zinakuwa cancelled kila siku."

Usingizi ukaniruka.

Kesho yake nilimuulizia ofisini kwake mjini, na Bwana Tanabe akanipokea bustanini, kila mtu na benchi lake.

"Sikuwajibu kwa aibu," alisema kwa Kiswahili chake cha Moshi. "Nilipanga kuja, safari zimezuiwa. Na tangu nianze kazi hii sijaandika ripoti ya shamba ambalo sijalitembea."

"Lakini Mwea unaifahamu, mzee."

"Ya juu. Ya chini sijaikanyaga."

Nilitaka kulia. Nimekuja umbali wote huo kuambiwa hivyo?

Jioni nilimweleza Njeri.

"Si mumtembeze na simu?" aliuliza. "Ndivyo wazee wetu kule kazini wanaona wajukuu siku hizi."

Alasiri iliyofuata, kwetu kukiwa asubuhi, nilirudi bustanini kwa Bwana Tanabe, nikampigia video mwenyekiti wetu, Baba Muthoni. Akafuata mfereji, simu mkononi. Bwana Tanabe akaipangusa yangu kwa dawa, akaanza kuzunguka bustani. Mwenyekiti akisimama, naye anasimama. Mimi nyuma nikimwomba Mungu chaji isiishe.

Saruji ikaisha, vumbi likaanza. Nikanyoosha mkono nichukue simu.

"Mfereji umeishia hapo, mzee."

"Nimeona." Hakunipa. "Baba Muthoni, endelea. Nataka kuona utakapopita."

Nilipata ndege kwa bahati, nikafungiwa karantini Nairobi. Huko ndiko Bwana Tanabe alikonipigia simu: ripoti imekwenda. Nilikuwa nimemwita mkaidi moyoni. Siku hizi mtu akikataa kuniahidi jambo, namuuliza kwanza anahitaji kuona nini.