Kilometa Kumi za Barabara ya Nzilo

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kabla jua halijachoma. Shefu wa Pisti, yaani mkuu wa kiwanja cha mbio, mzee mfupi mwenye sauti ya spika, alinipa saa ya kupimia mbio, ile tunayoiita krono, akanisimamisha kwenye mstari wa mwisho wa mbio za meta mia. Kule mbali bastola ikalia, nikabonyeza. Wakimbiaji walipopita, alininyang'anya krono mkononi, akaitazama, akacheka kwa hasira.

"Banza, umebonyeza na masikio! Bonyeza na macho! Moshi njo unafika mbele, sauti inakuja nyuma yake, inatembea polepole kama mama mukwe."

Ndivyo nilivyojifunza somo la kwanza. Ukisimama mbali na bastola, sauti inachelewa, kwa hiyo mpimaji mzuri anaangalia moshi. Wiki nzima niliota moshi. Mke wangu aliuliza kama nimeanza kuvuta sigara.

Nilipima mbio Kolwezi miaka mingi, kisha nikahamishiwa kambi ya Nzilo, kule kwenye bwawa la umeme. Huko hakukuwa na pisti, yaani ile njia ya mviringo ya kukimbilia. Kulikuwa na barabara, vilima na vumbi. Aliyesimamia michezo ya kambi alikuwa Injinia mmoja, mtu wa kupenda hesabu kuliko chakula. Yeye ndiye aliyenifundisha makadirio: kumchukua mkimbiaji wa barabara na kusema, kabla hajakanyaga pisti, atamaliza mizunguko ishirini na mitano kwa dakika ngapi. Mizunguko hiyo ndiyo kilometa kumi.

Msidhani ni uganga. Unaanza na muda wake wa barabarani. Unampunguzia sekunde za vilima, maana pisti ni tambarare. Halafu unamrudishia kidogo, maana pisti ina adhabu yake. Barabarani kilima kinayachokoza mapaja na mteremko unayapumzisha. Pisti haibadiliki, misuli ile ile inapigwa tangu mwanzo hadi mwisho. Na kona ni zile zile. Wengi huchoka kichwa kabla ya miguu, kati ya mzunguko wa kumi na tano na wa ishirini, pale mtu anapojiuliza nani alimtuma.

Niliipenda kazi hiyo, na niliiweza. Injinia alisema mbele ya watu, "Banza akisema, andikeni." Niliporudi Kolwezi kama mkuu wa wapimaji, sifa hiyo ilinitangulia. Kichwa kikavimba, sitawaficha.

Basi, ikaja misimu ambayo pisti yetu ilifumuliwa ili itengenezwe. Mashine zilichimba, udongo mwekundu ukabaki wazi, na matengenezo yakakawia. Ila kila mwaka ilitupasa kupeleka timu ya mkoa wetu wa Lualaba kule Lubumbashi kwenye mbio za mikoa. Tuchague vipi? Kamati ikaamua: wakimbiaji wapya watakimbia kilometa kumi kwenye barabara ya Nzilo, Banza atakadiria, na wenye makadirio mazuri watapanda bisi. Kwa wanawake, kikomo kilikuwa dakika thelathini na tisa.

Barabara ilitakiwa kupimwa. Nilimwita Musafiri, shofere wa kamyo, yaani dereva wa lori, mtu wa familia ya Waislamu waliotoka mashariki zamani, wasafirishaji tangu babu. Nilipanda naye mbele, tukaenda taratibu, na ile saa ya kamyo ya kuhesabu kilometa iliposoma kumi, nikashuka nikapaka jiwe chokaa. "Mwisho ni hapa," nikasema. Tukapeana mkono.

Mwaka huo wa kwanza alikuja dada yake Musafiri, Zaina, fundi wa kushona, mama wa watoto watatu. Alikimbia na suruali ndefu na kitambaa kichwani, na aliwaacha wenzake mbali. Dakika arobaini kamili. Nikafanya hesabu yangu: thelathini na tisa na nusu. Nje ya kikomo. Nikaandika, na Katibu wa kamati akakata jina.

Alinifuata huku bado anahema, akiniita Tata, yaani baba. "Tata, mi sitaki medali. Mi nataka mara moja tu kukimbia ile mbio ya kuzunguka, nisikie banasema Zaina wa Lualaba. Mara moja."

"Mwaka kesho, mama. Jikaze."

Mwaka uliofuata akapata arobaini na moja. Nikamkata tena. Na mimi, mtu wa nadharia, nikaanza kueleza watu kwa nini wakimbiaji wa barabara wa siku hizi ni wazito. Nilisema ni vumbi la makamyo, ni kukaa sana. Watu walitikisa kichwa wakisema Tata Banza anajua. Jamani! Mtu anaweza kusema upuuzi kwa sauti nzuri sana.

Mwaka wa tatu Zaina alipata arobaini na mbili. Safari hii hakunifuata akihema. Alikaa chini kando ya jiwe, anasugua goti.

"Goti inanisemesha kila asubuhi," akaniambia. "Mwaka huu njo wa mwisho, Tata. Kisha hii, nashona tu."

Nilimhurumia, wallahi, kama wanavyosema kwao. Lakini niliandika arobaini na moja na nusu. Huruma haikuwa na safu kwenye daftari langu.

Siku tatu kabla ya bisi kuondoka, nilimkuta Musafiri sokoni anashusha magunia aliyoyatoa Musumba. Njia ya huko mnaijua: mashimo ya kumeza mbuzi. Nikamwambia pole kwa safari ndefu. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Ndefu? Aa, Tata! Toka nivalishe kamyo mipira mikubwa, Musumba ilikaribia! Zamani ile saa ilikuwa inahesabu kilometa mingi. Sasa inahesabu kidogo. Na mi nachoka vile vile!"

Nikacheka naye. Kisha nikainama kutazama magurudumu ya kamyo.

Elewani hapa, vijana. Ile saa ya gari haijui barabara. Inajua gurudumu tu. Inahesabu linazunguka mara ngapi. Ukiweka gurudumu kubwa zaidi, linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na saa haina habari. Ikisoma kumi, wewe umeshapita kumi. Kwenye njia zetu kila shofere anaweka mipira mikubwa ili asikwame, na kila mtu anajua saa zao zinadanganya. Kila mtu, isipokuwa mtaalamu.

"Musafiri, hiyo mipira uliweka lini?"

"Wiki moja mbele ya kupima ile barabara yako. Kwani?"

Nilikwenda kuazima baiskeli ya jirani. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, nikapima mzunguko wake mmoja kwa tepu ya chuma, na kesho yake alfajiri nikaisukuma kwa mguu barabara yote, nikihesabu kitambaa kila kinapofika juu. Kila mia moja nilihamisha punje ya mahindi kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Madereva walinipigia honi. Mmoja akapaza sauti, "Muzee, panda juu yake, haiume!"

Nilipofika kwenye jiwe la chokaa, nilikaa juu yake nikahesabu mahindi mara mbili. Kilometa kumi zangu zilikuwa na meta mia saba na sabini za nyongeza. Miaka mitatu nilikuwa namkimbiza yule mama njia ndefu, halafu namwambia ni mzito.

Nikarudia hesabu kwa njia sahihi. Arobaini na mbili za mwaka huo zilikuwa, kwenye pisti, thelathini na nane na nusu. Ndani ya kikomo.

Mwenyekiti wa kamati wakati huo alikuwa Mama Inspekta, mwanamke wa maneno machache. Nilimkuta ofisini, orodha imeshapigwa muhuri. Nikamweleza yote nimesimama.

Aliondoa miwani. "Tata Banza, unataka niandike kama mukubwa wa bapimaji wetu hakujua urefu wa barabara?"

"Andika hivyo hivyo, mama."

"Na bisi imejaa. Nani atashuka?"

"Mi."

Alirudisha miwani usoni. Kisha akachukua kalamu, akafuta jina langu, akaandika la Zaina juu yake.

Kwa Zaina nilipita jioni ile. Alikuwa kwenye cherehani. Nilimwambia tu, "Hesabu zimerekebishwa, mama. Unaenda." Alisimama, akakaa, akasimama tena, kisha akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kazaa. Mbele ya furaha ile nilikosa ujasiri wa kusema lililobaki. Nikaaga haraka.

Mimi nilisafiri na Musafiri kwenye kamyo. Tulifika Lubumbashi nikiwa mwekundu kwa vumbi tangu nywele hadi viatu, na mlinzi wa kiwanja alinizuia akidhani ni mpakiaji. Niliingia wakimbiaji wakiwa wameshajipanga.

Mizunguko kumi ya kwanza Zaina alikwenda vizuri, sekunde tisini na mbili, tisini na tatu, kila mzunguko. Kufikia mzunguko wa kumi na saba nikaona mabega yanapanda. Tisini na tano. Tisini na saba. Ile adhabu ya pisti imemkuta, macho yamekwenda mbali. Ukikimbia hivyo, unazivuka zile dakika thelathini na tisa na watu wa Lubumbashi wanasema mkoa wenu hauna wakimbiaji. Nilijua kumwita jina tu hakutasaidia. Nilimkumbuka alivyokuwa akimaliza barabara ya Nzilo: kilima cha mwisho ndicho alichokuwa anakipanda kwa kasi. Alipopita mbele yangu nikapiga kelele ambayo sikuwa nimeipiga maishani.

"Zaina! Kilima! Panda kilima!"

Aliinamisha kichwa, mikono ikaanza kufanya kazi. Kwenye tambarare ile aliipanda Nzilo yote, mzunguko baada ya mzunguko, na kengele ya mwisho ilipolia alikuwa amewapita wawili. Alimaliza wa nne. Thelathini na nane na sekunde arobaini na moja. Spika ikasema, "Zaina wa Lualaba," naye akalala chali kwenye majani akiwa analia na kucheka. Musafiri alilia zaidi yake.

Niliendelea na kazi misimu michache, kisha nikastaafu. Kamati ilinifanyia sherehe ndogo kando ya pisti yetu, iliyokwisha tengenezwa, pamoja na bukari, ule ugali wetu, samaki na hotuba ndefu za watu waliosahau jina langu la kwanza. Sasa hivi ninyi vijana mnavaa saa zinazozungumza na satelaiti, na kila kilometa mnaambiwa. Sina wivu. Nawaombea tu zisiwavimbishe kichwa, kwa sababu kosa langu halikuwa la mipira ya kamyo. Musafiri hakujua, ni mimi niliyekuwa napewa mshahara wa kujua. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Zaina alikuja kwenye sherehe ile na mumewe, amenishonea shati. Alishaacha kukimbia. Nilimvuta pembeni, nikamweleza yote: kamyo, jiwe, mahindi, miaka mitatu. Alisikiliza amekunja mikono.

"Ule mwaka wa kwanza," akasema, "ningekimbia ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Hesabu hiyo nilikuwa nimeshaifanya zamani, usiku mwingi. "Thelathini na sita na nusu, na zaidi kidogo."

"Na aliyeshinda Lubumbashi ule mwaka?"

"Thelathini na saba na dakika... na sekunde kumi." Ulimi uliteleza, mimi niliyetaja muda maisha yangu yote.

Alitazama pisti, watoto wa shule wanacheza juu yake. Nilisubiri anitukane, na nilitaka anitukane.

"Mi nilikuwa najua, Tata."

"Ulijua nini?"

"Kama ile barabara iko murefu. Kila asubuhi mi nilikuwa nakimbia kule, toka mutoto. Miguu yangu inajua kilometa kumi. Ile yako ilikuwa inapita."

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Si weye njo ulikuwa na saa," akasema. "Na hakuna siku uliniuliza."